Kona ya Mita Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimechora njia ya tramu. Mji mzima umeisubiri miaka kumi na mmoja, nami nimeimaliza kwa dakika ishirini na tano. Mashine kubwa ya kuchapa ramani imekufa tena, na Mkuu wa idara aliitaka ramani kabla ya saa tisa. Basi kwa mkono – rula ya chuma, kalamu nyekundu. Kutoka stesheni hadi hospitali, moja kwa moja juu ya barabara kuu. Mkuu alisimama mlangoni akitazama saa yake, kana kwamba kutazama saa kunamsaidia mtu kuchora. Wino haujakauka vizuri, akaiviringisha akakimbia nayo kwa Meya. Hata asante hakusema. Nilirudi kwenye chai yangu, imeshapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Madiwani wamekaa kwa muda wa saa nne kuijadili. Ramani yangu ukutani, mimi nyuma kabisa pamoja na wapiga chapa na dereva wa Meya. Diwani wa sokoni akasimama. Kwa nini, akauliza, njia imenyooka vizuri toka stesheni, halafu ikifika nyuma ya shule ya msingi inapinda kushoto, kisha inarudi barabarani? Watu wote wakainua shingo. Mimi pia. Na kweli – imepinda!

Diwani wa sokoni akasema kona haiji bure, ina mwenyewe. Akamtazama diwani mwenye hoteli. Mwenye hoteli akasema hoteli yake iko upande wa pili wa mji, na mwenzake aache kutafuta mchawi. Ikawa kelele. Meya akagonga meza: kona ile imefikiriwa kwa kina na wataalamu, wala haikuchorwa kwa bahati mbaya.

Nilikaa nikikitazama kidole changu, kile kirefu cha mkono wa kushoto. Pembeni kina alama nyekundu tangu Jumatatu, haitaki kutoka hata kwa sabuni. Ni kosa la mtoto wa darasa la nne. Kidole kilichomoza nje ya rula, kalamu ikakizunguka. Milimita tatu tu. Kwa kipimo cha ramani ile, milimita tatu ni mita thelathini za mtaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoa ramani ya viwanja kabatini. Nimepima mara tatu. Chini ya kidole changu kuna vyoo vya shule, ghala la mbao, na nyumba ya Shangazi.

Shangazi aliyenilea tangu nina miaka saba. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu. Nikamwambia ukweli wote, na kidole nikamwonyesha. Alikitazama kwa muda mrefu kama daktari. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Vizuri. Meya ameitetea kona hii mara mbili redioni. Mshauri mwelekezi anaiandikia ripoti. Sasa wewe unataka niende nikamwambie Meya kwamba ametetea kidole?"

Nikasema nyumba ya shangazi yangu iko pale. Akasema anasikitika sana, na kwamba maendeleo yana maumivu yake. Maumivu hayo naona yana kawaida ya kwenda kwa watu wengine. Yeye anakaa mlimani, ambako tramu haitapanda.

Jumapili, 16 Machi

Kwa Shangazi. Wapimaji walipita Ijumaa wakampigia alama kubwa ya X ukutani, rangi nyekundu. Yeye ni fundi wa mapazia. Ameshona pazia la maua akalitundika nje, juu ya X. Anasema hawezi kuishi na maandishi ya watu wasiojua hata kubisha hodi. Majirani wanakuja kulitazama. Wawili wameagiza la kwao.

Kucheka alicheka, lakini chai alimimina hadi ikafurika kwenye kisahani. Mume wake aliijenga nyumba ile tofali kwa tofali, miaka tisa, na akafia mle ndani. Hana pengine. Hilo hakulisema, nalijua.

Anaamini kuna mtu aliyemchongea. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, na akaniashiria kwa kichwa jirani wa ukuta mmoja, yule waliyegombana naye kuhusu mfereji wa maji. Tangu Ijumaa hawasalimiani. Mwanamke wa watu alikuwa anaanua nguo zake tu.

"Afadhali nina wewe huko ofisini," akaniambia. "Utanitafutia aliyechora."

Nikasema nitajitahidi. Mungu anisamehe, nilisema hivyo hivyo, na kisha nikaomba chai nyingine.

Jumatano, 19 Machi

Ripoti ya mshauri mwelekezi imefika. Kurasa arobaini juu ya kidole changu! Kona inapunguza kelele za tramu karibu na madarasa. Kona inafuata mkao wa asili wa ardhi. Kona inavunja nguvu ya upepo wa mashariki. Kuna michoro ya rangi, na mishale ya upepo inayofika pale na kugeuka kwa adabu. Kufika ukurasa wa thelathini nilikuwa nimeanza kuamini.

Na si mimi tu. Diwani wa sokoni, yule aliyesema kona haiji bure, leo amedai kata yake nayo ipewe kona. Mbili, ikiwezekana. Wapiga kura wake wasionekane wanyonge.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeandika barua kwa Katibu wa Baraza. Mistari sita: mimi ndiye niliyechora, kona ni kosa langu la mkono, njia irudishwe barabarani. Niliipeleka mwenyewe saa mbili asubuhi, nikajisikia mwepesi njia nzima. Saa tano imerudi. Haikusomwa. Imegongwa muhuri: barua za watumishi zipitie kwa mkuu wa idara.

Mkuu akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakufoka. Ndipo nilipoogopa. Akasema Alhamisi kuna mkutano wa wananchi, na mtaalamu wa ramani anatakiwa kuieleza kona. Mtaalamu huyo ni mimi. Kuanzia leo mimi ni Ofisa Mwandamizi wa Ramani. Barua ya cheo inachapwa, ila sahihi itawekwa Ijumaa, mkutano ukiisha salama.

Nimekitamani cheo hicho miaka minane. Naona haya kuandika kwamba nimefurahi. Kidogo, kama dakika mbili.

Alhamisi, 27 Machi

Ukumbi wa shule. Mwenyekiti ametoa mapumziko ya dakika kumi na tano, naandika juu ya goti. Watu wamejaa hadi madirishani. Mkuu amenipa karatasi ya mistari minne kuhusu upepo wa mashariki. Kila nikimtazama ananitikisia kichwa, kama mtu anayemtia moyo mgonjwa.

Kabla ya mapumziko Shangazi alisimama. Hakupaza sauti.

"Simtaki Meya," alisema, "wala huyo bwana wa upepo. Namtaka mtu aliyeshika kalamu. Aje asimame hapa, anitazame, aniambie nyumba yangu ilimkosea nini."

Watu walipiga makofi. Hata jirani wa mfereji alipiga. Mwenyekiti akasema mhusika yupo, na baada ya mapumziko atajibu.

Nilitaka kutoka nje nipate hewa. Shangazi akaniwahi mlangoni, akanishika mkono. Amekuja na hati ya kiwanja ndani ya mfuko wa nailoni, na mstari wa mbele ameniwekea kiti kwa mkoba wake.

"Kaa hapa, mwanangu. Huyo mtu akija ataongea maneno magumu, wewe utanifafanulia."

Nimekaa. Mkono wangu bado kaushika. Naandika kwa mkono mmoja, daftari linateleza. Karatasi ya upepo iko mfukoni, nayo ni rahisi kusoma, mistari minne tu, na kesho ni Ijumaa.

Mwenyekiti amerudi. Anajaribu kipaza sauti. Shangazi ananinong'oneza niache kuandika, nitazame mlango ule wa pembeni, maana huyo mtu bila shaka ataingilia pale