Matairi ya Theluji Kutoka Jua la Doha

Ijumaa, Disemba. Al Mansoura.

Hali ya hewa: baridi ya Doha, ile inayomfanya mwenzangu wa chumba avae koti na mimi mtoto wa Kinangop, kwenye baridi ya milimani Kenya, nicheke. Hali ya moyo: sishikiki. Naandika nimesimama, laptopu iko juu ya friji, kwa sababu nikikaa nainuka tena.

Leo Madam Nura amevuka mlima Austria kwa matairi niliyomchagulia mimi. Mimi, Njeri, wa kupokea simu kwenye duka la matairi, ambaye theluji nimeiona kwenye kalenda tu.

Nianzie mwanzo, maana nikianzia hapa nitapiga kelele majirani wagonge ukuta.

Madam Nura ni mteja wetu wa siku nyingi, mama wa hapa hapa Doha. Ana gari la michezo, la chini kabisa, ukiliwasha kikombe changu cha chai kinatetemeka mezani. Binti yake anasoma Austria, ng'ambo ya mlima mmoja, na hawajaonana tangu kiangazi. Mama akaamua kulisafirisha gari kwa ndege ya mizigo, kisha aendeshe mwenyewe hadi kwa mwanawe. Usiniulize kwa nini asikodi gari la huko. Watu wa hapa na magari yao ni kama baba yangu na ng'ombe wake, habanduki.

Basi akapiga simu, anataka matairi ya theluji. Duka zima likaangua kicheko. Salim, fundi wetu kutoka Pemba, akaniuliza, "Dada, theluji yenyewe ipo wapi, ndani ya friji?" Mudiri wetu, yaani meneja, alikuwa na shughuli zake, akanirushia kazi ile. "Njeri, mtafutie kitu, yallah."

Hakujua amenipa nini. Miaka minne najibu simu za watu wanaouliza bei na saa za kufungua. Hatimaye nikapewa swali!

Nilisoma siku tatu, nyumbani na kwenye basi. Jambo la kwanza nililielewa upesi kuliko nilivyotarajia, na sababu ni gambuti za baba, viatu vyake vya mpira vya shambani. Kinangop kuna asubuhi jalidi inaunguza viazi vyote shambani, na asubuhi kama hizo gambuti zilikuwa zinakauka kama mbao. Baba akikanyaga nyasi anateleza, anatukana, mama anacheka. Tairi la kawaida nalo ni hivyo hivyo. Raba yake imepikiwa joto, baridi ikizidi inakuwa ngumu na haishiki tena barabara. Tairi la theluji raba yake ni laini, inabaki laini hata kwenye barafu. Mudiri alitaka niuze yale yaliyokuwa stoo, yenye herufi za matope na theluji ubavuni. Nikakataa. Nilitaka yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kwa kuwa hayo ndiyo yamejaribiwa kwenye theluji kweli. Nilikataa mbele ya watu, na sauti haikutetemeka.

Halafu, kwa kichwa kilichovimba hivyo, nikakosea.

Nilimchagulia Madam matairi mapana, mapana kuliko hata aliyokuwa nayo. Hapa Doha ni nani angefanya tofauti? Wateja wetu nusu wanaenda kucheza kwenye vilima vya mchanga kila wikendi, na mchangani upana ndio wokovu wako, tairi jembamba linazama. Nikawaza kwamba theluji ni mchanga mweupe, wa baridi. Madam akafurahi, picha niliyomtumia ikapendeza, na nikalala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani.

Kesho yake nikampigia binamu yangu Wanjiku, nesi huko Ujerumani, ili nijisifu. Akaniacha nimalize, ndipo akasema, "Wee Njeri, hiyo ni akili ya jangwani. Mchanga unataka upite juu yake. Theluji unataka uikate ufike chini kwenye lami. Hapa msimu huu watu wanaweka matairi membamba."

Nikakata simu bila kuaga.

Nikaenda moja kwa moja kwenye gari, wakati huo lilikuwa kwetu karakana, nikafungua kisanduku cha mbele na kutoa kitabu chake. Kilikuwa bado ndani ya nailoni. Gari la miaka mitatu! Ukurasa wa matairi ya baridi ulikuwa umegandana na mwenzake kwa kuwa hakuna aliyewahi kuutafuta. Waliolitengeneza gari waliandika wazi kabisa kwamba wakati wa theluji uweke rimu ndogo kwa inchi moja na tairi jembamba zaidi, mbele na nyuma, wala usipite mwendo ulioandikwa kwenye tairi.

Ningeweza kubadilisha oda kimya kimya na kusema kiwanda kimeishiwa. Nakiri hapa kwamba wazo hilo lilinijia na nikakaa nalo dakika kumi nzima. Lakini yule mama anaenda kwa mwanawe juu ya mlima, na iwapo ningeanza kumdanganya kwenye upana, angeniaminije kwenye mwendo?

Nikamwomba aje dukani. Nikamwambia nimekosea.

Akatazama picha ya matairi mapya. "Gari litaonekana limekonda," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe umewahi kuona theluji?"

"Hapana, Madam."

"Basi nikusikilize kwa nini?"

Nikamweleza habari za gambuti za baba, kwa Kiingereza changu na maneno yangu machache ya Kiarabu, nikaonyesha hata alivyokuwa akiteleza. Mudiri aliziba uso kwa mkono. Madam Nura alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akasema tuagize yale membamba.

Yalipofika nilihakikisha hayaendi stoo kule nyuma kwenye joto. Nikayapanga manne karibu na meza yangu, chini ya AC, nikafanya kazi wiki nzima nimezungukwa. Nilikuwa nayabonyeza kwa kidole gumba nikiongea na simu. Laini! Salim aliyafunga, akazungusha kila gurudumu kwa mkono akisikiliza kama rimu inagusa breki, maana breki za gari hilo ni kubwa kama sinia. Haikugusa. Gari likapandishwa kwenye lori hadi uwanja wa ndege ili raba isiliwe na lami yetu.

Kwa hiyo leo, siku ya Madam kuvuka mlima, nilienda kanisani Mesaimeer, maana hapa ibada ni Ijumaa, nimejaa furaha, naimba kuliko kwaya. Ibada ilipoisha tukasimama uani, na vijana wakawa wanapanga kwenda kwenye vilima vya mchanga alasiri. Mmoja akamwambia mwenye gari, "Buda, tukifika tu, kwanza tupunguze upepo wa matairi."

Nikachomoa simu kwenye mkoba.

Sikumwambia! Nilimweleza Madam Nura raba, alama, upana, mwendo. Upepo nilisahau. Na huyu ni mama aliyekulia mchangani. Mtu wa hapa akifika pale lami inapoisha, mkono wake unajua kazi bila kuuliza, anashuka, anatoa upepo, tairi linatanuka, anaingia. Akikuta mlima mweupe mbele yake atafanya nini? Na baridi peke yake tayari inashusha upepo. Akitoa mwingine, tairi litalegea kwenye kona za mlima, gari lenye nguvu zile, na chini ni bonde.

Nikaandika ujumbe palepale uani. Madam tafadhali usipunguze upepo. Theluji si mchanga. Upime asubuhi tairi likiwa baridi na uache kipimo cha kitabu. Alama moja ya tiki, haujamfikia. Nikapiga, haipatikani. Nikapanda basi, nikapita kituo changu, nikashuka, nikarudi kwa miguu. Sikumbuki njia.

Saa saba mchana na dakika chache simu ikalia.

Ni picha. Gurudumu jembamba kwenye theluji, na pembeni kiganja chenye glavu, ndani yake kifuniko kidogo cheusi cha tundu la upepo. Chini yake sauti. Anahema, anacheka, anachanganya lugha zote, na nyuma yake theluji inalia chini ya viatu, kru, kru, kru. Anasema alisimama pale theluji inapoanza, akashuka, akafungua kifuniko cha kwanza, na simu ikashika mtandao. Akasoma, akakirudisha. Akapita mlima wote gari limeshika barabara. Halafu sauti ya msichana, karibu sana na simu, inasema kwa Kiingereza, "Asante kwa kumleta mama."

Nimeisikiliza mara tisa. Nimelia kidogo, nimecheza kidogo, nimempigia baba nikamwambia gambuti zake zimefika Austria. Akaniuliza kama nimekula.

Kesho nikifungua duka, kabla ya chai, nachukua kalamu nene na kuandika mstari mmoja juu ya karatasi ya kukabidhi matairi ya theluji: USIPUNGUZE UPEPO. Hata kama mteja wa pili atachukua miaka kumi kutokea.