Chumba cha Mapumziko

Mdogo wangu mpenzi,

Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua. Anauliza kama huko ugenini unakula vizuri.

Tangu uondoke, wauguzi wanane wamekufuata. Ndiyo maana tumejengewa chumba cha mapumziko, chenye viti vya sponji na birika la umeme. Daktari mkuu alikata utepe akasema sasa hakuna sababu ya mtu kuondoka. Tulikuwa watano, tukapiga makofi. Leo tumebaki wawili, na mwenzangu ameshaaga.

Jumanne asubuhi nilikuwa peke yangu wodi ya wazazi, na akina mama ishirini na sita. Mmoja aliyejifungua alfajiri aliniita, "Sista, najisikia vibaya." Nilikuwa namzalisha mwingine, kichwa cha mtoto kimeshatoka. Nikamwambia, "Vumilia kidogo, nakuja." Nilipomfikia, damu ilikuwa imelowesha godoro na mkono wake umeshapoa. Mumewe alikuwa nje na nguo za mtoto. Nilimwambia mimi mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Baadaye nililia kwenye hicho chumba chetu kipya. Daktari mkuu akanikuta, akakaa kando yangu. Akasema, "Mwandikie mdogo wako. Mwambie mambo yametengenezeka, arudi." Hakuniangalia usoni. Nikamjibu kwamba nitakuandikia.

Usirudi, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, ninayebaki na Mama.