Daftari la Kina cha Mto

4 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, uchovu tu: mchana doria msituni, jioni masomo. Uzuri wa uzamili huu wa uhifadhi wa maliasili, tunasoma kwa kompyuta, kila mtu na kazi yake. Tasnifu yangu ni juu ya mto wetu. Naomba daftari la Baba, lile la kina cha maji. Mwalimu amekubali nilitumie.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yamenitangulia kuzeeka. Daftari nimelituma leo bila kulifungua, bado siwezi. Miaka ishirini, kila asubuhi, chai inapoa yeye yuko mtoni anasoma mti wa kupimia. Nilimwambia, "Huo mto si mgonjwa, ya nini kuupima kila siku?" Akacheka tu. Soma, mama. Angefurahi.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimepiga simu, inaita tu. Nakuuliza kwa heshima. Baba tulimzika tarehe 11 Machi, lakini vipimo vinaendelea hadi siku uliyotuma, kwa mwandiko wake. Kama uliandika wewe ili kunisaidia, sema tu, tutavifuta. Ila nimevilinganisha na vya ofisini kwetu: hakuna hata siku moja iliyokosewa. Na chini kabisa kuna tarehe ambayo haijafika, 10 Mei: mita tano. Nyumba yetu maji yanaifikia kwenye mita nne. Nenda kwa Shangazi, Mama, nakuomba. Tasnifu naweza kuirudia.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usinidhanie, mimi hesabu zilinishinda darasa la tatu. Shangazi yako alikuja na mkokoteni, nikamwambia atangulie na kuku. Mvua haijakatika tangu Jumapili. Leo nimeamka nikakuta mstari wa penseli ukutani, juu ya kitanda, upande aliokuwa akilala, umenyooka kabisa, na tarehe pembeni kwa mwandiko wake.

Najua utasema ni onyo. Huenda. Lakini miezi miwili nimelala peke yangu, na yeye kaingia chumbani bila kuniamsha, kama alivyozoea akirudi na viatu mkononi.

Sihami, mwanangu. Siku aliyoandika ni kesho kutwa. Nimetandika pande zote mbili.

Mama yako