Kichwa cha Msalaba wa Ashwold

Bristol, 2 Aprili 1936

Mjomba Amos, shikamoo. Hamjambo huko, wewe na mkeo Dorcas? Ng'ombe wanakamika? Mimi mzima, ila roho imeniruka. Mama yake mchumba wangu Edwin alipita hapo kijijini akaona msalaba wetu wa mawe hauna kichwa. Anasema ni mkosi, tufungie ndoa mjini. Nami tangu utotoni naota kuweka shada langu pale, kama bibi harusi yeyote wa Ashwold. Nisaidie, Mjomba, ila usinipe uongo wa kumwambia!

Mpwa wako,
Hester

Ashwold, 9 Aprili

Marahaba, mpwa wangu. Sisi wazima, mimi kupita wote: juzi nimepigana mieleka na fahali wa Gower mwashi, mpaka leo ananiamkia. Mwambie huyo mama kichwa kipo! Askari walipokuja zamani kuvunja misalaba, babu yetu alikificha. Alikibeba kwa mkono mmoja, wa pili una bia, na haikumwagika. Nitakipata.

Mjomba wako,
Amos

Bristol, 20 Aprili

Shikamoo Mjomba. Nimemsomea, amecheka mpaka akapaliwa. Anakuja Pentekoste. Akikuta gutu lile lile, harusi ni mjini. Mjomba, nakuomba.

Hester

Ashwold, 28 Mei

Mpwa wangu, kaa chini kwanza. Nimechimba bustani, zizi, na nusu ya ua wa kilabu. Sikuona kitu. Jana nimejiinamia jikoni, Dorcas akaniambia, "Bwana Maneno, acha kununa, ninyanyulie jiwe la kukandamizia jibini." Nikaligeuza nilisugue. Hester! Chini yake Bikira Maria na Mtoto wamechongwa, wananitazama, mashavu yamejaa maziwa! Gower mwashi kalipachika msalabani leo. Limekaa kama mguu kwenye kiatu chake. Kijiji kizima kinacheza. Dorcas peke yake kanuna: "Na jibini yangu je?" Njooni!

Amos

Ashwold, 30 Juni

Mpwa wangu, hali yako na mumeo? Shada lako bado liko juu ya msalaba, shomoro wanaligombania. Nasikia mkweo, aliyelia kanisani kuliko wote, anataka jibini ya Dorcas. Mwambie inakuja. Dorcas alitafuta jiwe jingine, akakosa, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Panda." Barua hii naiandika nimeikalia jibini yenyewe. Msomee. Safari hii si uongo.

Mjomba wako,
Amos