Uzito wa Kiti cha Mbele

Singida Mjini,
Jumatatu.

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na goti halikusumbui kama wakati wa baridi. Sisi huku hatujambo. Janeth na Petro wanakula, wanakwenda shule, na wanakuamkia.

Najua Jumamosi ulitungoja Kinyangiri mpaka jua likazama, na kuku ulishachinja. Simu zako niliziona zote, sikupokea hata moja, ndiyo maana naandika.

Unalikumbuka lile korongo la kabla ya kuingia kwenu, ambapo gari letu lilikuwa likikwaruza tumbo. Cecilia alikuwa akivua viatu, anashuka, anavuka kwa miguu ili gari liwe jepesi, huku akinitania kwamba nimenunua gari lenye sura ya porini na tumbo la mjini. Kila safari aliniambia niliinue, nami kila safari niliitikia. Tangu tumzike sijapita pale, na watoto wanakuulizia kila siku.

Basi nikaanza kutafuta namna ya kuliinua. Fundi wa kwanza alitaka kuchomelea vyuma kwenye springi, nikakataa. Madukani nilikuta vifaa vya malori na pikapu tu. Mwishowe fundi Fredrick akapata spesa huko Shelui, vile vipande vya kuweka juu ya springi, za unene tofauti. Ili achague, akataka tuje familia nzima tukae kama tunavyosafiri, aone gari linashuka kiasi gani. Aliuliza tuko wangapi. Nikamwambia wanne.

Tulipofika akauliza mama yuko wapi. Nikajibu kwamba ameshindwa kuja. Janeth aliniangalia. Fredrick akaazima gunia la alizeti duka la jirani, akaliweka kiti cha mbele. Gari likaanza kulia kwamba kuna mtu hajafunga mkanda, akalifunga gunia mkanda. Petro akasema mama hakuwa mnene hivyo, Fredrick akapunguza alizeti kidogo. Mimi nilishika usukani tu, nimekufa ganzi kama jino lililodungwa sindano.

Sasa gari liko juu. Jumamosi tulifika korongoni, nami nikasimama kama kawaida ili Cecilia ashuke. Watoto wakavua viatu bila kuambiwa, wakavuka, wakanisubiri ng'ambo. Gari lingepita bila kugusa hata jiwe. Nikawaita warudi, nikageuza.

Ukweli ni huu, mama. Watu wananisifu kwamba msibani nilijikaza. Sikujikaza. Sijalia mpaka leo, sihisi kitu, hata chakula nakula kwa sababu kimewekwa mezani. Ila pale korongoni niliogopa. Niliona nikivuka bila yeye kushuka, basi nimekubali kwamba hayupo.

Jumamosi hii tutakuja tena. Naomba shemeji Antipasi akulete kwa pikipiki mpaka upande wetu wa korongo. Najua kwa heshima zetu mama mkwe hakai ubavuni mwa mkwewe, na sijawahi kukuomba jambo kama hili. Nakuomba upande kiti cha mbele, ufunge mkanda, usishuke, tuvuke wote. Gari limepimwa kwa watu wanne.

Msalimie Antipasi na majirani wote waliotungoja. Wajukuu wako wanasema kuku wa safari hii usimchinje mpaka uwaone kwa macho.

Mkweo,
Hosea