Mtoro Aliyefia Mapajani Mwangu

Jumatatu, 16 Bhadau
Ukuta wa nyuma wa jela umelala! Mvua imeloweka mlima, mlima ukasukuma, tuko kwenye chai ya asubuhi — puu! Walioweza wamekimbia. Hata mimi nilitoka. Nyapara wa jela nzima, mtu wa Bombay na Doha, nibaki natazama tundu? Nikafika sokoni, nikaagiza momo, vile vidonge vya unga na nyama, sahani mbili. Muuzaji akaniuliza, kaka, wewe si yule muuaji? Nikamwambia ndiye, ongeza pilipili.
Kisha nikarudi kwa miguu yangu. Kwa yule dereva niliyempiga spana akafa, nimeshatumikia miaka yangu karibu yote, na msamaha wa sikukuu ya Dashain uko mlangoni. Nitoroke leo? Mimi si mjinga.
Uani nikamkuta Manbir, mfungwa mwenzangu, yuko chini. Hakukimbia. Goti lake lile, hata ngazi ya jikoni halipandi! Askari walimkuta karibu na tundu, wakamalizia hasira kwake. Nimemlaza mapajani, nikamtia maji mdomoni. Akauliza kama mahindi yake huko kwao yamepona mvua. Nikasema yamepona. Basi.
Wamemzungushia blanketi. Gari limeshuka naye upande wa mto.

Jumanne, 17 Bhadau
Wametangaza watoro. Na Manbir yumo! Manbir na goti lile!
Bwana Jela kaniita ofisini, kanimiminia chai mwenyewe. Anasema jina langu limeshaenda Kathmandu, Dashain nalala kwangu. Ila nyapara mwenye akili huona machache. Nikamwambia, afande, macho yangu mabovu tangu zamani, hata mke nilichagua hivyo hivyo. Kacheka sana. Nami nikacheka. Chai ilikuwa na maziwa mengi.

Alhamisi, 19 Bhadau
Dilli, kijana wa Manbir, kaja getini. Ananiita baba mdogo, maana mimi na baba yake ni mit — tulibadilishana kofia mbele ya pandit, kuhani wetu, humu humu ndani, tukawa ndugu. Wauaji wawili na kofia zetu, hata pandit alitetemeka!
Polisi wamepekua nyumba yao mara mbili. Mama yake bado anapaka rangi yake nyekundu kwenye mstari wa nywele, bangili mikononi, kama mke mwenye mume. Mlango haufungi usiku, anamngoja. "Baba mdogo, alishika njia gani? Mama anataka nimpelekee sweta."
Askari kasimama pale pale, anachokonoa meno.
Nikasema labda upande wa mto, mwanangu.
Mimi! Niliyewadanganya mawakala wa Doha na polisi wa Bombay bila tone la jasho. Leo shati limelowa mpaka mgongoni.

Ijumaa, 20 Bhadau
Wali nimeurudisha jikoni.

Jumamosi, 21 Bhadau
Nimenyoa. Kichwa, ndevu, na masharubu — masharubu yale yaliyowasumbua wajane wa Bombay! Kinyozi wetu Phurba aligoma kwanza. "Nyapara, hapa nanyoa nywele au nanyoa Dashain yako?" Nikamwambia nyoa, na sikio uniachie. Nimejifunga shuka jeupe. Viatu nimeacha. Kwetu hata mtoto akikuona hivyo anajua umefiwa na ndugu, na mit ni ndugu. Sijataja mtu.
Kwenye kuhesabiwa nikasimama mstari wa mbele. Bwana Jela kanitazama toka utosini hadi vidoleni. Anaelewa vizuri, mwaka jana tu alinyoa hivi alipofiwa na baba yake. "Nani kakufia, nyapara?" Wazazi wangu walishakufa, anajua. Ndugu wa tumbo sina, anajua. Nikamwambia tumbo linavuruga, afande, naomba ruhusa. Ndiyo naandika hapa chooni.
Kwenye upenyo wa bati naliona geti. Dilli karudi, na sweta yake. Aliniona nilipokatiza uwanja. Kaiweka sweta kwenye tope — tope lote hilo! — kainama, anafungua kamba za viatu. Kimoja. Sasa cha pili.
Askari wa getini anamuuliza ana wazimu gani.
Mlango wangu unagongwa. Bwana Jela mwenyewe. Haiti nyapara tena, anaita Khadga Bahadur Rokaya, jina zima, kama siku ya hukumu. Anauliza tena nani kafa.
Nakuja, afande. Nafunga shuka vizuri.