Usingizi wa Baba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana kutoka hapa kwangu. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anakupikia uji wenye madonge? Na wanangu je, wameacha kugombania kitanda cha juu? Sisi huku wazima. Baba anakula vizuri na kulalamika vizuri, na tangu nimhamishie hapa amejipa cheo cha mkaguzi wa chai: mara haina rangi, mara imezidi majani. Ukimsikia unajua afya ipo.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Dada, jambo lenyewe ni refu, na wewe na mimi simu hatuiwezi. Wewe unanong'ona, mimi nanong'ona, kisha tunaagana kila mtu akiulaumu mtandao.

Utakumbuka nilikudokeza kwamba sauti yangu inanisumbua. Ilianza kama mkwaruzo, nikaupuuza. Bwawa letu la kuogelea ninapofundisha unalijua lilivyo: paa la bati, vigae kila mahali, neno moja likitoka linagonga kuta zote nne, na watoto wenyewe wanapiga kelele kama wamelipwa. Basi siku moja mtoto mmoja wa darasa langu akaivuka kamba inayotenga maji ya kina kirefu. Nilimwona vizuri kabisa. Nikafungua kinywa nimwite, ukatoka upepo mtupu. Mwokoaji ndiye aliyejitosa akamtoa, mzima, anakohoa na kucheka. Mimi sikucheka. Niliwapanga watoto kwenye benchi nikawahesabu upya.

Meneja akaniita ofisini. Alisema mwalimu asiyesikika ukingo wa pili hawezi kuachiwa watoto, na kwamba muhula mpya ukinikuta bado sina sauti, nitahamia dirisha la tiketi. Nikaomba nitumie kipenga. Akanijibu kwamba kipenga hakiwezi kumwambia mtoto ageuke alale chali. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kazi ile naipenda, Dada. Mtoto anakuja amening'ang'ania shingo kama kupe, halafu siku moja anaachia mkono na kuelea mwenyewe, macho yamemtoka. Siwezi kuyaacha hayo nikakate tiketi.

Daktari wa koo hakuona uvimbe wala kidonda. Alisema natumia sauti vibaya, akanielekeza kwa mwalimu wa sauti. Nikaguna. Kuongea nako kuna mwalimu? Tangu lini? Nilikwenda shingo upande.

Mwalimu mwenyewe ni mtangazaji mstaafu, mama mfupi asiye na haraka. Chumba chake kina zulia, kioo kirefu na kiti kimoja tu, na hicho kiti anakikalia yeye. Nikamweleza kwa majigambo jinsi ninavyoitunza sauti yangu, kwamba nikiwa nyumbani naongea kwa kunong'ona tu. Akashika kichwa. Kumbe kule kunong'ona kwa kujikamua ndiko kulikokuwa kunanimaliza! Aliniambia niongee taratibu kwa sauti yangu mwenyewe, au ninyamaze kabisa.

Akanilaza chali na kifuko cha mchele juu ya tumbo, nikipumua kiinuke na kushuka. Akanipa mrija na glasi ya maji, niimbe humo ndani. Mimi, niliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kupuliza mapovu, leo napulizishwa mapovu! Ungekuwepo ungenicheka mpaka ukae chini.

Lakini pumzi ilikataa kushuka. Kila nikitaka kusema neno, mabega yananipanda na pumzi inakwama kwanza. Mwalimu akanitazama kwenye kioo, halafu akaniuliza, kwenu utotoni nani alikuwa amelala?

Dada, nililia. Sikutegemea kabisa. Nyumba yetu yote ilinirudia pale pale. Baba anaingia asubuhi kutoka zamu ya usiku ya kiwanda cha mikate, unga kwenye nyusi, ananukia mkate wa moto. Mama anavuta pazia, anatuwekea kidole mdomoni, na mchana kutwa tunaishi kwa ncha za vidole. Unakumbuka ishara zetu? Chumvi ilikuwa kusugua vidole, maji ni kugusa koo, na kukuita wewe ni kuvuta sikio. Unakumbuka ugomvi wetu? Uliweza kunitukana toka utosini hadi kisiginoni bila kumwamsha paka. Nikikufinya, unalia machozi ya kweli bila sauti, kisha wote wawili tunaishia kuuma mto tusicheke. Redio ilifungiwa kabatini. Na Mama alivyojivunia! Aliwaambia majirani kwamba hata mfalme halali kama mume wake anavyolala. Namkumbuka mno, Dada. Natamani mchana mmoja tu wa ukimya ule, sisi watatu jikoni.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mwili wangu ulifunzwa adabu, ila hakuna aliyeuambia kwamba sasa basi. Tangu siku hiyo pumzi ikaanza kushuka. Nilikwenda kwake wiki baada ya wiki. Koo likaacha kuwaka, uchovu wa jioni ukapungua, hata dukani hawanipiti tena kwenye foleni. Muhula ulipofunguliwa meneja alikuja kusimama ukingo wa pili, mikono kifuani. Sikupiga ukelele. Niliwaambia watoto washike ukingo, basi. Wakashika wote, na meneja naye akajikuta ameshika chuma cha ngazi. Dirisha la tiketi wamempa mtu mwingine.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya meneja.

Mazoezi ya nyumbani nilikuwa nayafanya Baba akitoka kwenda kupiga soga kwa jirani. Mazoea, unajua tena. Juzi mchana nikadhani ameshatoka. Niko bafuni, naita kwa sauti yote ya tumboni, nikageuka, nikamkuta kasimama mlangoni na fulana yake ya kulalia. Nikaanza kuomba radhi, tena kwa kunong'ona! Akaniambia niendelee. Nilipoinua macho, mzee wa watu alikuwa analia.

Tulikaa sebuleni akanieleza. Dada, Baba hakuwa analala. Alisema alikuwa akisinzia kidogo tu, kisha anakaa macho hadi jioni akitega sikio atusikie. Aliwahi kukisikia kicheko chako kikikatwa katikati, akangoja kimalizike, hakikumalizika. Aliamini tunamwogopa. Mara nyingi alifika mpaka kwenye mlango, akashika kitasa, akarudi kitandani, kwa sababu alijua akitoka tutatawanyika. Nami siwezi kumbishia, maana ndivyo tulivyofanya kila alipotoka. Hakumwambia Mama, kwa kuwa alimwona anavyoulinda usingizi ule kwa moyo wake wote, na tulipokwisha kumzika akaona aibu kuanza kusema.

Nikamuuliza mbona leo amesema. Akajibu kwamba amenisikia, akahisi nyumbani kuna watu.

Kisha akaniuliza habari zako. Alisema uso wako anaujua, mwandiko wako anaujua, hata hatua zako ukumbini anazijua, ila sauti yako, mtoto wake wa kwanza, haijui. Jibu la hilo unalo wewe, ndiyo maana nimekuandikia.

Njoo, Dada yangu. Usingoje goti lipone. Kitanda changu utakichukua, mimi nitalala sebuleni.

Msalimie sana Shemeji, na wanangu wote njoo nao, hata yule mpiga mayowe. Wakianza vurugu zao usiwanyamazishe. Siku hizi Baba analala kweli mchana, na amesema anataka kuamshwa.

Ni mimi akupendaye,
Kitinda mimba wa Mama